Kampuni ndogo ya programu Mwanza inapata nini kwenye jamii za madivelopa mtandaoni? Maswali tunayoulizwa kila siku

Mwangaluka wakuu. Sisi ni kampuni ndogo ya programu, tuko watu 6, ofisi ghorofa ya pili karibu na Makoroboi, tunatengeneza mifumo ya stoo na malipo kwa wafanyabiashara wa hapa jijini na wa visiwani. Kila wakija vijana wa fildi, au tukikutana na wenzetu wenye kampuni kama yetu, maswali ni yale yale, mnashinda huko mtandaoni mnajibu watu msiowajua mnalipwa na nani, si mnafundisha washindani bure. Nimechoka kurudia kwa mdomo ndo nimeyaandika. Alaf nikisema kodi humu namaanisha maagizo ya kompyuta anayoandika divelopa, yaani mtengeneza programu, sio ya TRA wala ya mwenye nyumba.

Jamii ya madivelopa ndo nini hasa? Si ni magrupu ya WhatsApp tu?

Magrupu yamo ila sio hayo tu. Kuna Stack Overflow, ilianzishwa 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, pale ni maswali na majibu. Kuna GitHub, nayo ya 2008, watu wanaweka kodi zao wengine wanazikagua, wanaripoti makosa, wanaleta marekebisho. Alaf karibu kila kifaa cha kutengenezea programu kina kijiji chake, Laravel wana chao, Django wana chao, Flutter hivyo hivyo, wengine wako Discord wengine Telegram.

WhatsApp shida yake ni moja, swali linazama. Umeuliza saa 3 usiku, mpaka saa 4 juu yake kuna matangazo mawili ya viwanja, mtu anauza laptop na mwingine kaweka salamu za birthday. Na hata ukijibiwa vizuri, mwakani mtu mwingine mwenye shida ileile hawezi kulipata jibu kwa Google. Kwenye jukwaa la wazi jibu linakaa. Mimi nimewahi kutafuta tatizo nikakuta jibu, nikasoma mpaka chini nikakuta aliyeandika ni kijana wetu mwenyewe miaka miwili nyuma, tulishasahau wote.

Faida kubwa kuliko zote ni ipi, kwa kifupi?

Kwa kifupi siwezi, acha nisimulie.

Tulikuwa na mteja, mama mmoja mwenye stoo ya dagaa pale mwaloni Kirumba, anauza jumla, mzigo unaenda mpaka nchi za jirani. Tulimtengenezea mfumo, wateja wake wanalipa kwa simu, kampuni ya simu inatuma ujumbe kwenye seva yetu kwamba malipo yameingia, mfumo unatoa risiti. Wiki ya kwanza safi kabisa. Wiki ya pili mama akapiga, akasema kijana wangu, mashine yako inanitajirisha kwenye karatasi, daftari linasema laki 9 lakini kwenye simu nina laki 6. Tukaenda kuangalia, kweli, malipo mengine yameandikwa mara mbili na moja limeandikwa mara tatu.

Tukawapigia watu wa ile kampuni ya simu, siitaji, wakatuambia tutume email, email ikajibiwa na mashine kwamba ombi letu limepokelewa na mpaka leo nadhani bado limepokelewa tu. Mwanza hapa kumpata mtu aliyefanya mifumo ya malipo miaka 10 umkalishe chini akuelekeze ni kazi, wengi wako Dar, na wa Dar naye ana foleni yake.

Kijana wetu akaandika kwenye grupu la WhatsApp "wakuu msaada malipo yanajirudia", wakamwekea emoji za pole. Siku ya pili akaandika upya kwenye jukwaa la wazi, safari hii vizuri, na kodi yenyewe na saa ambazo kila ujumbe ulifika. Haikupita saa moja mtu akamjibu, sijui hata wa nchi gani, akasema angalia muda, ujumbe wa pili unakuja sekunde 30 baada ya wa kwanza kila mara, maana yake wale wanasubiri jibu lako, wasipolipata wanahesabu haujapokea wanatuma tena. Na ndo ilivyokuwa! Sisi tulikuwa tunapokea ujumbe, tunatengeneza kwanza risiti ya PDF, tunatuma SMS kwa mteja, ndo mwishoni tunajibu "nimepokea". Mtandao ukiwa mzito inachukua zaidi ya hizo sekunde 30.

Akatupa vitu viwili. Kwanza jibu "nimepokea" hapohapo, kazi zingine ziweke kwenye foleni zifanyike baadae. Pili databesi yenyewe ikatae namba ya muamala ikija mara ya pili, usitegemee kodi yako kukumbuka. Tulimaliza jioni ileile. Mambo haya mtu mwenye uzoefu anakuambia ukiwa unamiminiwa chai, sisi hatukuwa naye huyo mtu ofisini. Kwa kampuni ya watu 6 jamii ndo mkongwe wenu, basi, hiyo ndo faida kubwa.

Mbona vijana wangu wanauliza na hawajibiwi, au wanatukanwa?

Hapa ndo pana kazi. Mimi siku hizi kijana akija fildi simfundishi fremuweki (kiunzi cha kujengea programu) kwanza, namfundisha kuuliza. Waswahili wanasema mficha uchi hazai, lakini kuna kuonyesha na kuonyesha. "Mfumo haufanyi kazi naomba msaada" hilo sio swali, hicho ni kilio. Picha ya skrini iliyopigwa na simu, imeinama, kuna mwanga wa dirisha, nani ataisoma?

Andika ulitaka nini kitokee, kimetokea nini, ujumbe wa kosa wote kama maandishi, toleo la kila kitu unachotumia, na ulishajaribu nini. Alaf punguza kodi. Una mistari 2000, kata mpaka zibaki 20 na tatizo bado lipo. Hii kazi inachosha lakini nakwambia nusu ya mara unagundua kosa mwenyewe kabla hujabonyeza kutuma, sisi imetutokea mpaka tunacheka.

Kutukanwa kupo, sikudanganyi. Stack Overflow wana sifa ya ukali toka zamani, wanakufungia swali wanasema limeshaulizwa. Mara nyingi kweli limeshaulizwa. Mara nyingine wamekosea, unaelezea kwa upole tofauti iko wapi wanalifungua. Kijana wetu mmoja alifungiwa maswali 3 mfululizo akaapa harudi, nikamwambia bwana mdogo ukifukuzwa kivuko cha asubuhi Kamanga si utapanda cha mchana.

Na angalia saa. Ukiuliza saa 11 jioni huku, New York ni saa 4 asubuhi kipindi chao cha joto, wameshakunywa kahawa wako macho. Ukiuliza saa 3 asubuhi yetu wao wamelala, ila India wako kazini.

Kiingereza changu ni cha kuunga unga, itakuwaje?

Andika sentensi fupi. Kodi na ujumbe wa kosa vinajieleza, wengi huko nao Kiingereza sio lugha ya mama yao. Hakuna aliyewahi kutucheka kwa sarufi, wametucheka kwa kodi. Na kuna kazi ambazo Kiswahili chako ndo mtaji, Masakhane kwa mfano, hiyo ni jamii ya watafiti na madivelopa Waafrika ilianza 2019, wanashughulika na teknolojia ya lugha zetu, na Mozilla wana Common Voice ambako watu wanachangia sauti za Kiswahili ili mashine zijifunze kutusikia. Kampuni inayotaka kutengeneza kitu cha sauti kwa wavuvi au wakulima wasiopenda kuandika ianzie huko, sio kuanza upya na kinasa sauti.

Washindani si wataiba wazo letu?

Wazo gani bwana. Mfumo wa stoo? Kila mtu ana wazo la mfumo wa stoo.

Nenda ukasimame ufukweni usiku wa giza, mwezi ukiwa umezama, ndo wakati wa dagaa. Utaona taa ziwani zimejipanga kama mji. Kila mvuvi anaiona taa ya mwenzake, anajua yuko wapi, hakuna anayezima taa asionekane maana bila taa dagaa hawaji. Ila wavu wa kila mtu ni wake. Kinachokulipa wewe ni wateja wako, yule mama wa Kirumba kukuamini, kwenda kwake saa 12 asubuhi printa ikigoma. Hicho hakikopiwi toka GitHub. Unachouliza mtandaoni ni namna ya kufunga fundo la wavu tu.

Basi kuna kitu cha kuficha au hakuna?

Kipo, na hapa nataka muwe wakali kuliko mlivyo. Taarifa za wateja hazipandishwi mtandaoni, hata moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume yake. Kijana akibandika kipande cha databesi chenye namba za simu za watu halisi ili aulize swali, kampuni ndo imevujisha, sio kijana. Tengeneza majina ya uongo, Juma Namba Moja, Juma Namba Mbili, inatosha.

Kingine ni nywila na funguo za API, yaani maneno ya siri ambayo programu moja inatumia kuingia kwenye huduma ya nyingine. Watu wanaziandika ndani ya kodi alaf wanapandisha GitHub. Kuna roboti zinazunguka huko zinatafuta funguo hizo tu, usifikirie una siku nzima. Na kufuta faili hakusaidii kitu, Git, programu iliyo nyuma ya GitHub, inatunza historia, toleo la jana lipo palepale. Ukikosea usihangaike na kufuta, nenda kwanza ukabadilishe ufunguo wenyewe huko ulikotoka, usafi wa historia baadae. Nayajua haya kwasababu tulifanya, bahati ilikuwa ufunguo wa majaribio.

Kuna faida gani upande wa usalama?

Unasikia habari mapema. Desemba 2021, tarehe 9 na 10, watu tunatoka kusherehekea Uhuru, ikavuma kwamba Log4j ina tundu la usalama, kifaa kidogo tu cha kuandika kumbukumbu kwenye programu za Java lakini kiko kila mahali. Waliokuwa kwenye magrupu ya Java walijua siku hiyohiyo na wakajua cha kufanya, wengine walikuja kusoma kwenye magazeti.

Ila iliyonisisimua mimi ni ya Machi 29, 2024, siku ya Ijumaa Kuu. Injinia mmoja wa Microsoft anaitwa Andres Freund alikuwa anapima mambo yake mengine kabisa, akaona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya siri ya kuingia toka mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Sisi hapa ukurasa ukichukua sekunde 8 tunasema leo mtandao uko vizuri. Yeye akafukua mpaka akakuta mtu kapandikiza mlango wa siri ndani ya xz, laibrari (kodi iliyotengenezwa tayari ambayo programu zingine zinaitumia) ya kubana mafaili, toleo la 5.6.0 na 5.6.1. Aliyepandikiza alitumia zaidi ya miaka miwili kujifanya mchangiaji mwema mpaka akaaminiwa kutoa matoleo. Freund akaandika hadharani, na ndani ya masaa dunia nzima inarudisha matoleo ya nyuma. Mimi niliona taarifa natoka ibadani, nikakagua seva zetu kwa simu, zilikuwa za toleo la kawaida ambalo halikuguswa, nikaenda kula pilau.

Hio habari ina pande mbili na watu wanaisema upande mmoja tu. Jamii ndo iliyokamata, sawa, lakini jamii hiyohiyo ilimwachia kazi mtu mmoja aliyechoka mpaka akashukuru kupata msaidizi, na msaidizi ndo alikuwa mwizi. Kama kampuni yako inakula kwenye programu huria, zile ambazo kodi yake iko wazi kwa wote, kila siku alaf haichangii hata kuripoti kosa, na nyie mmo kwenye hadithi hiyo.

Kuajiri je?

Hapa tumefaidi. CV zote zinafanana, wote ni wachapakazi wanaoweza kufanya kazi kwenye presha. Sasa mtu akileta linki ya majibu yake au marekebisho aliyopeleka kwenye mradi wa watu naona anavyofikiri, naona akikosolewa anajibuje. Mmoja wetu tulimpata hivyo, kijana wa Musoma, alimjibu mtu kwa uvumilivu mara tano kwenye swali moja, nikasema huyu ataweza wateja wetu.

Ubaya wake ni kwamba na wenzako wanaona. Kampuni za nje zinaweza kumchukua akiwa amekaa hapohapo Buhongwa kwao. Sina dawa ya hilo zaidi ya kulipa vizuri kadri unavyoweza na kutomfanya atumwe vocha.

Siku hizi kuna AI, ya nini kuuliza watu?

Swali halali. Toka ChatGPT itoke Novemba 2022 maswali Stack Overflow yamepungua sana, na wenyewe Desemba ya mwaka huohuo walipiga marufuku majibu ya kunakili toka kwenye mashine maana yalikuwa yanakuja mengi, yamepangika vizuri, na ni ya uongo. Sisi tunaitumia kila siku, kwa vitu vya kawaida iko vizuri. Ila iulize kuhusu mfumo wa malipo wa mtandao wa simu wa hapa Tanzania, itakujibu kwa kujiamini vitu ambavyo havipo, kwasababu nyaraka zenyewe nyingi hazipo wazi, unapewa PDF ukishasaini. Aliyekwama juzi na mtandao huohuo ndo anajua. Mtu huyo yuko kwenye grupu la madivelopa wa Tanzania, sio ndani ya mashine.

Tukichukua kodi ya mtu huko tunaweza kumuuzia mteja?

Soma leseni. Leseni za MIT na Apache hazina shida sana, unabaki na tangazo lao la hakimiliki unaendelea na biashara. GPL ukimpa mteja programu iliyojengwa juu yake unatakiwa umpe na kodi chini ya leseni ileile. AGPL inaenda mbali zaidi, inagusa hata mfumo ambao watu wanautumia kupitia mtandao bila kupewa faili. Na kodi isiyo na leseni kabisa haimaanishi ni ya bure, maana yake hujaruhusiwa.

Sisi tunawinda tenda za afya na za mashirika, hayo majukwaa yanatuhusu?

Sana. Ripoti za vituo vya afya nchi nzima zinapita kwenye DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na nchi zaidi ya 70 zinaitumia. Jamii yake iko wazi, unauliza swali unajibiwa na walioijenga. Kampuni ya Mwanza inayoijua vizuri ina kitu cha kuweka mezani, na kujifunza ni bure, nashangaa wachache wanaoenda huko.

Inagharimu shilingi ngapi?

Bando na muda. Kujiunga ni bure karibu kote. Muda ndo ghali, kijana anaweza kuzama huko kutwa akibishana fremuweki ipi bora, ubishi wa Simba na Yanga una afadhali. Sisi tumeweka Jumatano saa 8 mpaka saa 10 mchana, ni muda wa kazi, analipwa. Ukisema afanye nyumbani kwa bando lake hatofanya, au atafanya alaf ujuzi ni wake, akiondoka ameondoka nao.

Sisi tutajibu nini, hatujui kitu?

Mnajua saa. Hapana, simaanishi utani. Mfumo wetu ulikuwa unatuma SMS kwa wenye mizigo kwamba boti inaondoka muda fulani. Laibrari ya tarehe tuliyokuwa tunatumia iliandika "saa 2:00" ikimaanisha ile ya mchana ya Kizungu, mzee mmoja wa Ukerewe akaona saa 2, akafika mwaloni saa 2 asubuhi kama binadamu yeyote, akakaa juu ya magunia yake masaa sita. Alivyonipigia alianza na "mwanangu" nikajua nimekwisha.

Tukaandika kipande cha kodi, mistari 30 hivi, unaipa saa ya Kizungu inakupa ya Kiswahili na asubuhi, mchana, jioni, usiku yake. Tukakiweka GitHub kwa leseni ya MIT, hatukutegemea kitu. Baada ya wiki tatu mtu wa Mombasa akaleta marekebisho ya mstari mmoja. Sisi tulikuwa tunatoa 6 kwenye saa ya Kizungu, tunagawa kwa 12 na kuchukua baki, tunaishia hapo, kwahiyo ikifika saa 12 asubuhi na saa 12 jioni mfumo ulikuwa unaandika "saa 0". Kwa mteja ilikuwa imeshakaa muda wote huo na hakuna aliyeona, maana boti zake hazijawahi kuondoka saa 12.